Ufagio wa Bénie

"Bénie, leo uchague kile unapenda," madame, mwalimu wake, alimwambia. Ufagio alikuwa ameshauficha nyuma ya kabati.

Katika maternelle ya Naviundu, shule ya watoto wadogo, mtoto huchagua mwenyewe la kufanya, na mwalimu hamwingilii. Wiki tatu nzima Bénie, wa miaka minne, aliupita udongo, rangi na vipande vya mbao, akaenda moja kwa moja kwenye ufagio. Wageni walimsifu: "Mutoto wa kazi huyu!"

Leo aliutafuta, akaukosa. Akapiga magoti, akaokota taka kwa vidole vilivyochubuka, mpaka sakafu ikang'aa. Madame alisimama tu, mikono nyuma, kama alivyofundishwa.

Mtoto akamjia, macho chini.

"Madame, nilisha kumaliza. Sasa naweza kula?"