Kifaa cha Kumi na Mbili

Kila Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, sheria inanitaka nisaini kwenye kompyuta mchoro wa vifaa vyote vya mtandao wa nyumba yetu, kuanzia taa hadi kufuli la mlango. Nyumba isiyosainiwa, serikali huifunga wenyewe wakiwa ndani. Mimi sioni, kwa hiyo kompyuta hunisomea, tena kwa kasi ambayo mume wangu Makame huiita kelele za kuku.

Kompyuta yangu husoma vifaa kumi na kimoja. Jumamosi hii iligoma, nikaazima ya dada yangu, yenye mfumo mwingine. Nikakaa nayo kitandani. Ikasoma kumi na viwili.

“Baba Shani, hebu tazama mchoro. Viko vingapi?” nikamuuliza Makame.

“Kumi na kimoja,” alijibu upesi mno. “Saini basi, tusije tukafungiwa.”

Nikarudia kusikiliza. Kompyuta yangu husoma kinachoonekana kwenye mchoro tu; hii ilisoma orodha nzima, na nyuma ya alama ya friji kulikuwa na kitu: Kinasa sauti. Chumba cha kulala. Kimewekwa na Makame.

Miaka tisa ya ndoa, na mtu bado anadhani atanificha kitu kwa mchoro!

Nikachomoa spika za masikioni, nikapunguza kasi hadi ile ambayo hata anayeona anaweza kuifuata.

“Kifaa cha kumi na mbili,” kompyuta ikaanza.

Mkono wa Makame ukaudaka wangu.

“Zima, nakuomba,” akaninong'oneza sikioni. “Walioniagiza nikiweke wasisikie kwamba umejua.”