Mstari wa Majivu

Mwale wa kijani wa leza ulipanda kutoka paa la kituo cha hali ya hewa, na kwenye skrini Nélida akauona mstari mwembamba wa majivu ya volkano, juu kabisa ya uwanja mdogo wa ndege.

Dirishani mbingu ilikuwa samawati, safi kama sahani iliyooshwa.

"Shemeji, toa kichwa nje utazame!" alisema mume wa dada yake, kofia mkononi. "Hayo majivu yako wapi?"

"Macho hayayaoni. Injini ya ndege itayaona."

"Mwanangu hapumui vizuri, lazima afike hospitali, na barabara imezibwa na theluji. Rubani anangoja neno lako tu. Au unampenda zaidi huyo shetani wako wa kijani?"

Nélida alikifuta kioo cha darubini inayoupokea mwale, taratibu, kwa pindo la kitambaa, huku akimwomba Mungu mstari ule uwe ni uchafu tu. Akapima tena.

Mstari ukarudi palepale, mnene zaidi.

Akashika redio. "Msiruke," akasema.

Nje, panga za ndege zikapunguza mwendo, zikasimama.

Hakujua aifanyie nini mikono yake. Akamimina maji moto kwenye kibuyu cha yerba, majani machungu ya chai, akamnyooshea shemeji yake. Kwao Patagonia kibuyu hupokelewa kimya, kikanywewa, kikarudishwa kwa mwenyewe. Anayeshukuru amejitoa katika duara la wanywaji.

Shemeji alikitazama kibuyu mpaka mvuke wake ukaisha. Hakukigusa.

"Ahsante," akasema, akavaa kofia.