Fimbo ya Ghorofa ya Nne

"Hiyo si fimbo ya kuvulia, huo ni mti wa kuanikia nguo!" Mzee alifoka kutoka upande wa ndani wa mlango wake wa nondo. "Unaniuzia mimi, niliyevua ziwani miaka thelathini?"

"Mzee wangu, hii ni kaboni," alijibu jirani, amesimama koridoni na fimbo tano kwapani. "Nyepesi, ngumu, kali kama wembe. Wanaojua wanaigombania."

"Wanaojua kununua. Kuvua ni kazi nyingine."

Jirani alicheka cheko la shingo upande. Alikuwa na duka la vifaa vya uvuvi pale chini, na wiki ya tatu sasa Mzee alikuwa akimtangaza jengo zima kwamba anauza fito za kukorogea rangi. Mchana huo uvumilivu ulimwisha. Alipandisha mali yake hadi ghorofa ya nne, makombo ya mkate yakiwa bado kwenye ndevu.

"Umekula tena umesimama kama farasi," Mzee alimwambia, kama alivyomwambia kila siku. "Chakula chenyewe kitajuaje kimefika?"

"Tangu nibaki peke yangu, mzee, meza ya nini?"

Mzee aliguna. Nyuma yake harufu ya mchuzi ilijaa nyumba mpaka ikamwagika koridoni.

"Unapikia jeshi humo ndani?"

"Mkono ulizoea watu wanane. Haujapata habari kwamba wameondoka."

Aliyebaki ni binti mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akimfungia kila asubuhi akienda kazini, hadi saa kumi na moja. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu. Mara mbili baba yake alitoka akapotea, na ile ya pili alikutwa mtaa wa tano, kajichomeka katikati ya mafundi bomba asiowajua, anakula nao na kucheka kama yuko harusini. Basi, kufuli likanunuliwa. Ufunguo wake binti aliutundika kwenye msumari mwisho wa koridoni, karibu na ngazi, moto ukizuka afunguliwe. Kisha akapita mlango hadi mlango: atakayemfungulia baba yangu bila moto, tutajuana.

Wote waliapa. Jirani naye aliapa: mkono wangu hautaugusa. Tangu siku ile kiapo kilimkaa kooni kama mwiba. Kila akipita aliviona vile vidole vimeshika nondo, na kila siku Mzee alimpitishia kikombe cha chai hapo katikati. Kikombe kilipita vizuri. Sahani walijaribu siku moja, ikagoma.

"Fimbo hainunuliwi kwa mdomo," Mzee alisema. "Nataka kurusha. Nifungie chambo."

Jirani alimfungia samaki wa mbao, yule mwenye kidevu cha plastiki kinachomzamisha akivutwa, ndoana tatu zikining'inia tumboni. Akapitisha fimbo kati ya nondo, akaenda kuweka ndoo mwisho wa koridoni iwe shabaha.

"Sogeza kushoto. Zaidi. Hapo hapo, chini ya msumari."

Akasogeza. Hakuwaza lolote.

Mzee alikunja kifundo cha mkono mara moja tu. Chambo kilipaa, kikaipita ndoo juu kwa juu, kikagonga ukuta, na ndoana ikanasa kwenye pete ya ufunguo. Akavuta. Fimbo ya kaboni haikupinda hata kidogo. Ndoana ilichomoka, ufunguo ukabaki ukibembea msumarini.

"Unaona? Ngumu mno. Inamchana samaki mdomo kabla hajakaa sawa."

Jirani aliutazama ufunguo. Akamtazama Mzee.

"Mzee, nilimwapia mwanao. Mkono wangu hautaugusa."

"Nani amekuomba mkono? Nimekuomba fimbo. Lete ile ya njano."

Angeweza kukusanya mali yake na kushuka. Ilikuwa saa saba, koridoni hakuna mtu, na hakuna ambaye angejua. Aliitoa ile ya njano, ndefu kidogo, laini, inayopinda mpaka katikati, akahamishia chambo na kuipitisha kati ya nondo.

Mrusho wa kwanza uligonga ndoo, ikalia jengo zima. Wakaganda wote wawili. Hakuna mlango uliofunguliwa.

Wa pili ulinasa.

Safari hii Mzee hakuvuta kwa pupa. Aliiachia fimbo ipinde, ipinde, huku amezuia pumzi, mpaka ufunguo ukapanda msumarini, ukateleza, ukaanguka. Ukaja ukikwaruza sementi hadi kwenye vidole vyake.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo fimbo."

Akatoa mkono nje, akapapasa, na kufuli likafunguka.

Jirani alijibana ukutani kumwachia njia. Ngazi zilikuwa wazi, na kelele za barabarani zikipanda kutoka chini.

"Nenda, mzee wangu," alinong'ona. "Nitasema nilikuwa dukani. Ila rudi kabla ya saa kumi na moja, nakuomba."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akaegemeza fimbo pembeni, akamshika mkono.

"Niende wapi, na mgeni wangu yuko mlangoni? Ingia, bwana mdogo, ukae kitini kama binadamu. Chakula kinapoa."