Muhuri wa Ngiri

Wanyama walipoanza kushindana chemsha bongo, kila kanda kati ya mbili zilizokuwepo ilipeleka fainali timu moja tu. Bondeni kulijaa vichwa, na timu ya Kanga ilibaki nyumbani kila mwaka, ikipitwa alama moja na majirani zake kina Pelele. Timu ya Ngiri, mwenyekiti wa mashindano, ilikuwa peke yake huko Tambarare, ikafuzu mara tisa bila kuulizwa swali.

Kanga akamwendea na karatasi. "Mheshimiwa, sote tuulizwe maswali yaleyale, timu mbili za juu zifuzu. Au bingwa unaogopa?"

"Niogope nini?" Ngiri akagonga muhuri.

Pelele wakaongoza, Kanga wakafuata. Ngiri wakashika mkia.

"Nani kaleta utaratibu huu?" Ngiri akafoka.

Kanga akapita kifua mbele. "Swali hilo hata wewe unaliweza, Mheshimiwa. Muhuri ni wako."