Ruta ya Chumba cha Nyuma

Mbithi alipouchomoa waya wa buluu, kijana aliyekuwa Amerika alinyamaza katikati ya sentensi.

Alipouchomeka tena, maneno yake kwa mama yake yalijitokeza kwenye kioo cha kompyuta: "Samahani, Yieyo. Mtandao wa huku ulikatika. Mimi mwanao."

"Unaona?" Nashipae alisema. "Kila Jumamosi saa tisa ni hivyo hivyo. Fundi aliyekutangulia alikuja mara tatu, akanywa maziwa yangu, akaniambia kosa ni la Amerika."

Mbithi hakucheka. Aliuchomoa waya mara ya pili. Mwaka ule wa 2009, nyumba chache za Kitengela zilikuwa na hata ruta moja ya kusambaza mtandao. Hii ilikuwa na mbili. Kompyuta ya sebuleni, iliyotegemea ruta ya kwanza iliyokuwa kabatini, iliendelea kufungua kurasa za habari pasipo shida. Waya wa buluu ulikwenda kwenye ruta ya pili, katika chumba cha nyuma cha mzee Katoo, mume wa Nashipae. Hata hivyo, aliyenyamaza tena alikuwa kijana wa Amerika.

Mbithi aliurudisha waya, akatazama cheti cha shule kilichotundikwa ukutani. "Parsaoti Katoo. Ndiye huyu anayekuandikia?"

"Kunywa chai, fundi. Itapoa."

"Na mzee yuko wapi?"

"Kijana akiandika, mzee hujifungia huko nyuma. Husema ana barua za ranchi za kujibu." Nashipae alishika kifua, akavuta pumzi. "Nenda ukabishe. Usiogope, hang'ati."

Katoo aliufungua mlango kwa upana wa kiganja. Nyuma yake, kwenye kompyuta ndogo, kulikuwa na sentensi ambayo haijamalizika: "Yieyo, huku theluji".

Wazee wa umri wake hawakuzoea kutazamwa machoni na mafundi. Lakini mzee ndiye aliyeinamisha uso kwanza.

"Ingia. Funga mlango."

Mbithi alifunga.

"Ni miaka miwili sasa," Katoo alinong'ona. "Gari liliteleza kwenye barafu. Rafiki zake walinipigia simu mimi, wakamzika huko huko. Daktari wa Kajiado alikuwa ameniambia kwamba moyo wa mama yake hautastahimili pigo lolote. Ungefanya nini wewe?"

Mbithi aliuliza jambo dogo zaidi. "Mbona huweki jina lake mwishoni? Huandika 'mwanao' tu."

"Ninyi Wakamba hamna mwiko huo? Kwetu, jina la kijana aliyekufa halitajwi tena. Hata ndama niliyempa jina hilo nilimbadilishia siku ile ile. Mama wa kijana alidhani nimelichoka tu." Alifuta macho kwa pindo la shuka. "Rekebisha mitambo hii. Kila inapokatika, nahisi kama nimepigiwa simu ile upya. Na mama asijue."

Kosa lilionekana upesi. Ruta zote mbili zilibeba anwani moja ya mtandao, na kila moja ilidai kuwa ndiye mkuu wa nyumba.

"Mafahali wawili, zizi moja," Katoo alisema bila kutabasamu.

Mbithi aliipa ruta ya nyuma anwani nyingine, akaizuia isigawe anwani kwa kifaa chochote, kisha akamwacha mzee na sentensi yake. Kazi ilikuwa imekamilika, wala hakuona kitu chochote ndani ya nyumba ile kilichokuwa kimepona.

Sebuleni, Nashipae alikuwa amekwisha kuketi mbele ya kompyuta, vidole juu ya vibonye, akingoja.

"Mtandao hautakatika tena, Mama," Mbithi alisema. Hakuthubutu kumtazama. "Nimalizie na ruta hii ya kabatini. Inaniomba neno lake la siri."

"Neno hilo nataka ulibadilishe. Nilikuwa nikingoja fundi wa kunifanyia."

"Nitalibadilisha. Lakini lazima kwanza niliandike lile la zamani. Ni lipi?"

Nashipae hakulitamka. Alikielekezea kidole cheti kilichokuwa ukutani, akaushusha mkono polepole.

"Jina hilo," alisema. "Na mzee asijue."