Mvuke Dirishani

Siku hizi kila nyumba yenye mgonjwa hupewa mtungi wa mvuke. Sindano na bandeji zilizotumika hufungwa mfukoni na kuchemshwa humo kabla mzoa taka hajapita. Utepe wa mfuko ukigeuka mweusi, vijidudu vimekufa.

Sikitu aliona haya. Mvuke ukitoka dirishani, majirani wangejua kwamba mumewe, Kombo, anaumwa. Basi akaupaka utepe wino mweusi, akautoa mfuko bila kuuchemsha.

Muda si mrefu, Mwanaidi, mzoa taka wa mtaa, alibisha hodi. Kidole chake kilikuwa kinavuja damu.

"Sindano imetoboa mfuko wako, mwenzangu," alisema akicheka. "Bahati yangu ni wewe. Wengine hata hawachemshi."

Sikitu alishindwa kumtazama usoni.

"Ule weusi ni wino," alisema. "Nisamehe, dada."

Kicheko kikakatika. Mwanaidi akakibana kile kidole kwa nguvu.

"Mumeo anaumwa nini?"

Sikitu akamtajia kwa sauti ya chini, jirani asisikie. Mwanaidi akageuka, akakimbilia zahanati. Sikitu akabaki mlangoni, akiona aibu kwamba hata sasa alikuwa amenong'ona.