Kikohozi cha Bi Mafunda

Sinema ya mjini sasa inauza magodoro, kwa hiyo taarabu imehamia ghala la nyuma. Bi Mafunda alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza tangu maradhi yale yaliyofungia watu ndani, akaimba ubeti mmoja, akakohoa.

Barakoa zikapanda puani. Viti vikaanza kurudi nyuma.

“Pilipili hiyo, jamani!” akasema. Hakuna aliyecheka. Wakiondoka hawa, basi tena, hana wa kumwimbia.

Akaanza wimbo wa kumsuta mwizi wa waume. Bi Sauda, hasimu wake tangu ujana, akainuka, akaja akikata kiuno mpaka jukwaani.

“Nisute vizuri, shoga. Kule ndani nilikosa hata wa kunitukana.”

Akamwekea kiganja mgongoni, akamsugua kama mtoto anayesubiriwa acheue. Mpiga fidla akangoja, upinde juu.